Shubiri za Nani?

Tangu presha ya macho ilipomnyang'anya mwanga, Abdulghafur alikuwa hatoki ndani. Mkewe, Bimdogo, alikuwa tayari kumshika mkono ampeleke popote, lakini mwenyewe hataki. "Nikokotwe Mji wa Kale mzima kama mbuzi? Ng'o!" Mtu aliyezunguka kisiwa kwa baiskeli miaka arubaini, leo anazunguka kitanda. Bimdogo ilimuuma, wallahi ilimuuma.

Basi aliposikia kuna baiskeli ya watu wawili inauzwa Mwembe Tayari, hakungoja hata chai ipoe. Aliikuta kwa fundi Ngumbao. Lo, baiskeli gani ile! Ya majitu. Na hawa wawili, Mungu hakuwajalia urefu. Walipooana, watu walisema vimekutana vikombe vya kahawa.

"Nitaikata niichomelee upya," alisema Ngumbao. "Nipe tu kipimo cha mguu wa mzee."

Bimdogo alirudi nyumbani, akampima mumewe kutoka pajani hadi kisiginoni, akisingizia suruali ya Idi. Akampigia fundi simu. "Shubiri nne kamili. Na mimi hizohizo."

"Mbele atakaa nani?"

"Mimi."

"Kuendesha unajua?"

"Nitajua," akajibu, akakata simu.

Alhamisi Ngumbao aliileta mpaka mlangoni. Abdulghafur alibembelezwa mpaka akatoka, majirani wanachungulia. Akapanda kiti cha nyuma, akateremsha mguu kutafuta ardhi. Ardhi hakuna. Mguu ukabaki unaning'inia. Akashuka, uso umemwiva.

"Hata chuma kimenikataa, Bimdogo. Niache nikae." Akaingia, akatia komeo.

Bimdogo alimgeukia fundi. "Nilikwambia ngapi?"

"Nne, mama. Nimepima kwa mkono wangu huu."

Akanyoosha kiganja, kipana kama sinia. Bimdogo akaweka chake juu yake, kikapotea.

"Shubiri za nani, Ngumbao? Zako au zangu?"

Fundi akairudisha baiskeli, na safari hii akaondoka na uzi aliokatiwa na Bimdogo, sawasawa na mguu wa mzee.

Jumapili baiskeli ikarudi. Abdulghafur hataki hata kuisikia. Bimdogo akasimama nje ya mlango, akasema yote bila kuficha.

"Chuma hakikukukataa. Kosa ni langu, nilipima kwa kiganja changu, fundi akakata kwa chake. Sasa toka, maana wa mbele ni mimi, na baiskeli sijui. Bila wewe nitaanguka nivunjike kiuno."

"Hujui?" sauti ikatoka ndani.

"Sijui."

"Sasa ewe mwanamke, ukanunua baiskeli hujui kuiendesha?"

"Nimekununulia wewe. Nimechoka kukuona umekaa."

Komeo likalia. Abdulghafur akatoka, akapapasa kiti, akapanda. Nyayo zote mbili zikatua chini, zikatulia. Akanyoosha mikono mpaka akayapata mabega ya mkewe, kiti cha mbele. Yalikuwa yameinama.

"Usitazame gurudumu," alimwambia taratibu. "Tazama mbele. Haya, niambie waona nini."

"Naiona Ndia Kuu, bwana. Na watu wote wanatutazama."

"Waache watazame. Kanyaga."