Mwenye Hoja ya Mtaro

Kosa la Kipaza lilikuwa moja tu, na hata wewe ungelifanya: aliamini kwamba jiji halisikii. Alikuta watu wakiamini hivyo, akakua akiamini hivyo, akaolewa na kufiwa na mume bila kuona la kumbadilisha mawazo. Mtaani kwao mtu akitaka kusema kwamba jambo limekwisha na halitafufuka tena, husema, "Kawaambie jiji," na wote wanacheka. Sasa mtu wa namna hiyo umsimamishe mbele ya baraza zima la madiwani, umpe na kipaza sauti, atasema nini? Atasema lolote linalomjia mdomoni. Jamani, si ndiyo?

Jina hilo alipewa utotoni kwa ajili ya sauti yake. Akimwita mtu jikoni kwake, majirani wanaitika. Kazi yake ni dobi: anafua, anatia wanga, anapiga pasi mashati ya watu wa maofisini, yote hapo hapo sebuleni. Aliishi na mama yake mzazi, na chumba cha mama ndicho kilichompeleka kwenye Chuo cha Wakazi. Mvua ikinyesha, hata manyunyu ya kubembeleza, maji ya mtaro uliokuwa nje yalirudi nyuma na kuingia chumbani humo, meusi, yananuka. Kitanda kilipandishwa juu ya matofali. Bi mkubwa akawa analala huko juu akiogopa kuteremsha miguu, na Kipaza akimwona hivyo roho inamuuma.

Chuo chenyewe kilikuwa cha bure, kila Alhamisi jioni, ghorofani kwenye jengo la jiji. Wakazi walifundishwa jiji lao linavyoendeshwa: nani anaamua, nani anatekeleza, malalamiko yanapita mlango gani na kutokea upi. Mwalimu alikuwa karani mstaafu wa baraza, mzee nadhifu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Wanafunzi walimbatiza Kanuni, maana hakumaliza sentensi bila neno hilo. "Kanuni haina shangazi wala mjomba," alikuwa akisema, kisha anacheka peke yake.

Zoezi la kwanza lilikuwa kusimama kwenye kikao cha wazi cha baraza na kueleza kero moja. Fundi redio alisimama akalalamikia taa za barabarani, akatokwa jasho, akakaa kabla ya muda wake kwisha. Ikaja zamu ya Kipaza. Alianza kwa kubabaika. Halafu akaisikia sauti yake inatoka kwenye spika za ukutani, kubwa, nzito, inajaza ukumbi, ikamnogea. Akaeleza habari za kitanda cha mama. Madiwani wakaweka simu chini. Lo, hapo ndipo mori ukampanda.

"Ng'oeni kila kilichokaa juu ya mtaro ule!" alisema. "Kiwe cha nani, kiwe cha nani! Ng'oeni bila kutazama sura ya mtu!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Meya mwenyewe aligonga meza. "Hoja imepokelewa," akasema.

Na juu ya mtaro ule palikuwa na nini? Palikuwa na saluni ya mdogo wake Kipaza, tumbo moja, baba mmoja. Usiniulize kama alijua. Mchanga wa zege lililofunika mtaro aliubeba yeye mwenyewe kichwani, mwaka ule mdogo wake alipomkimbia mume mwenye mkono mwepesi, akarudi nyumbani na watoto wake na viti viwili vya plastiki. Saluni ile ndiyo iliyomsimamisha yule binti. Humo ndimo alimopata chakula cha wanawe, ada zao, na kicheko chake cha zamani kilichokuwa kimepotea. Kipaza alijua yote hayo. Lakini nani anachunga maneno akizungumza na kiziwi?

Aliporudi alipitia saluni. Mdogo wake alikuwa anamsuka mteja.

"Eti dada, leo umehutubia baraza?"

"Nimewapasha!"

"Umepoteza nauli yako," mdogo mtu alisema, na wakacheka wote mpaka mteja akashika kichwa chake kwa kuogopa kuvutwa nywele.

Alhamisi iliyofuata Kanuni aliingia darasani akifikicha mikono.

"Hongera kwa mwenzenu," akasema, akimwonyesha Kipaza. "Hoja yake imechaguliwa kuwa mfano wa darasa. Tutaifuata idara kwa idara, mpaka itekelezwe."

"Mpaka ifanyweje?" Kipaza aliuliza.

"Itekelezwe, mama! Mwaka huu jiji limeamua kuonyesha kwamba linasikia."

Wenzake walipiga makofi. Kipaza naye alipiga, maana alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Basi ikawa hivyo. Wiki iliyofuata akaja injinia wa mitaro, akatundika ramani ukutani. Mstari wa buluu ulikuwa mtaro. Juu yake palikuwa na viboksi vyekundu vichache: kibanda kitupu, ukuta wa mtu fulani, choo kilichobomoka, na kiboksi kimoja mbele ya nyumba ya Kipaza. Injinia akakigonga kwa fimbo.

"Hiki ndicho kizuizi kikubwa. Hiki kikiondoka, maji yote yanapita."

"Ni kitu gani hicho?" fundi redio akauliza.

"Sisi hatuandiki ni kitu gani. Tunaandika kizuizi."

Kipaza alikitazama kile kiboksi. Humo ndani mlikuwa na kioo chenye ufa pembeni, na picha za mitindo ya nywele, na mdogo wake pengine saa hiyo hiyo alikuwa anafagia. Alinyosha mkono.

"Mwalimu, mwenye hoja akiamua kuiondoa hoja yake?"

Kanuni aling'aa uso. "Swali zuri sana! Andikeni. Hoja ikishapokelewa si ya mtu tena, ni ya jiji. Kwa kanuni, mwenye hoja hawezi kuiondoa, kama ambavyo huwezi kuurudisha mkojo." Darasa likavunjika mbavu. Wakaandika.

Hakukata tamaa. Aliacha mashati ya watu yakarundikana, akapanda ngazi za jengo la jiji asubuhi. Injinia alimwambia yeye anachora tu, aende mipango miji. Mipango miji walimwambia ramani imekwisha kutiwa sahihi, aende kwa mwanasheria. Mwanasheria, kijana mpole kweli kweli, alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba anayeweza kusimamisha kazi ni baraza peke yake, na baraza litakaa tena baada ya msimu wa mvua. Tingatinga linakuja kabla ya mvua.

"Lakini wewe si mwanafunzi wetu wa Chuo?" kijana akauliza. "Hayo yote unayajua."

Na kweli aliyajua. Hilo ndilo lililokuwa linamkaba. Zamani angesimama pale mlangoni akapiga kelele, akatukana, akarudi nyumbani amepoa. Sasa alijua kila mlango, na kwa nini umefungwa, na funguo anazo nani, na kwamba huyo mwenye funguo naye yuko sawasawa kwa kanuni. Hakuwa hata na mtu wa kumkasirikia.

Notisi ilibandikwa mlangoni kwa mdogo wake siku ya soko, wateja wakiwa wamejaa. Pembeni yake wakapiga alama ya X ya kubomolewa kwa rangi nyekundu. Mdogo mtu alikuja mbio kwa dada yake, kitana bado kimechomekwa nywelani, akaanguka kwenye kiti katikati ya mashati.

"Kuna mtu amenichongea, dada. Nimemkosea nani mie? Wewe unasoma huko kwao. Nitafutie tu jina lake. Nikimpata namnyoa kwa wembe mkavu, haki ya nani namnyoa!"

Kipaza alikuwa na pasi mkononi. Maneno yalifika mpaka kooni. Sema, alijiambia, sema sasa, atalia, atakutukana, kisha yatapita. Lakini alimwona mdogo wake anavyomtazama, kwa macho yale yale ya siku aliyorudi na viti vyake viwili, na akaogopa. Sitaki kumsitiri: aliogopa tu.

"Na mimi nifanye nini sasa?" mdogo mtu akauliza. "Niambie, unajua utaratibu."

"Unaweza kupinga mbele ya baraza."

"Lini?"

"Baada ya mvua."

"Wanabomoa lini?"

"Kabla."

"Kwa hiyo njia hakuna."

"Ipo, mdogo wangu," Kipaza alisema kwa sauti ambayo hata jirani hakuisikia. "Ila iko baada."

Kutoka chumbani bi mkubwa, ambaye hakuwa amefuatilia mazungumzo, aliuliza kama ni kweli safari hii mtaro utazibuliwa, maana miguu yake imechoka kukaa juu juu.

Siku ya kubomoa ilikuwa pia siku ya kufunga mafunzo. Darasa zima lilikuja kwa basi la jiji, na kofia mpya, na mpiga picha. Kipaza alikuwa amejifungia ndani. Alivuta mapazia, akazima redio, akajibanza nyuma ya kamba ya mashati yaliyonyoshwa. Akamsikia Kanuni nje.

"Mwenye hoja yuko wapi? Hatuanzi bila mwenye hoja. Kwa kanuni lazima awepo, aonyeshe eneo kwa mkono wake."

Hawaanzi! Basi hatoki. Hata wakae mpaka mvua inyeshe, hatoki, dereva wa tingatinga atachoka, ataondoka, baraza litakaa, mdogo wake atapinga. Kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi alivuta pumzi ikafika chini.

Mlango ukagongwa. Bi mkubwa, aliyekuwa haoni sababu ya wageni kusimama juani, aliteremka kitandani pole pole, akafungua.

"Yumo ndani, karibuni," alisema. "Amejificha nyuma ya mashati. Ana haya ya kupigwa picha."

Walimtoa kwa vicheko na makofi, wakamvika kofia. Kanuni alimshika mkono akamwongoza mpaka mbele ya saluni. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono, viti vyake ameshavitoa nje. Alipomwona dada yake anakuja na wale watu, uso ulimfunguka. Alidhani amekuja kumtetea.

"Ndugu wakazi," Kanuni alisema, "huyu ndiye raia wa kuigwa! Alisimama mbele ya baraza akasema, ng'oeni kila kitu, bila kutazama sura ya mtu!"

Makofi. Mpiga picha akapiga picha. Mdogo mtu hakupiga kelele, hakulia. Alimsogelea dada yake mpaka karibu kabisa.

"Basi nitazame," akasema.

Kipaza alishindwa. Alitazama chini, na mkono wake, ambao Kanuni alikuwa bado ameushika, ukanyanyuliwa ukaonyesha eneo.

Mtaro ulichimbwa, tena ulichimbwa vizuri, mtu asidanganye. Mvua kubwa ilipokuja maji yalipita yakishangilia, na chumba cha bi mkubwa kikabaki kikavu. Akaagiza matofali yaondolewe. Na kwa kuwa mdogo mtu hakuwa na pa kwenda, bi mkubwa mwenyewe ndiye aliyeamua, bila kumuuliza mtu: aje na wanawe, na viti vyake, na kioo, asukie hapo hapo sebuleni.

Amehamia. Upande huu meza ya pasi, upande ule viti vya wateja, na katikati nafasi ya kupita mtu mmoja. Hawagombani. Mdogo mtu anamsalimu dada yake kila asubuhi kwa adabu zote, anampisha mlangoni, anamwekea chakula chake kando kikiwa kimefunikwa. Hajawahi kuligusia lile jambo. Kipaza anangoja atukanwe, anaomba atukanwe, lakini wapi.

Majuzi alikuja mteja mgeni, mwanamke mchangamfu, asiyejua kukaa kimya. Akauliza ilikuwaje saluni ikahamia ndani. Akasimuliwa.

"Hee! Na huyo aliyekuchongea ni nani?"

"Mtu mmoja tu," mdogo mtu alijibu, akigawa nywele kwa kitana. "Hata humjui."

Mteja akageuza shingo upande wa pasi. "Na wewe, dada mtu? Nasikia umesoma huko huko jijini. Wewe humjui?"

Mkono wa msusi ulisimama juu ya kichwa cha mteja. Hakugeuka. Alisubiri. Pasi nayo ilikuwa juu ya shati, Kipaza akaanza kusikia harufu ya kitambaa kinachoungua, akainyanyua.

"Simjui," alisema.

Mdogo wake akaendelea kusuka.