Maji ya Kupozea Bomba

Kavindu alikuwa amebakiwa na alasiri moja tu. Mama yake, Kalondu, alikwishasema: bomba lisipolia leo, kesho atafute kazi ya kiwanda kule Athi River, na mambo ya chuo yaishe. Na Kalondu akisema, kijiji kizima cha Kivaa chajua amesema.

Bomba lenyewe lilikuwa la chuma, limezibwa ncha moja, ndani limeshindiliwa waya laini wa kusugulia sufuria. Upande mmoja wa waya ule ulipashwa moto; upande wa pili ulizungushiwa kopo la maji ya kuupoza. Hewa ikinaswa kati ya joto na baridi haitulii, huenda mbio na kurudi, na kule kutikisika ndiko sauti. Kavindu alitamani siku moja sauti hiyo iendeshe friji ya dawa katika zahanati ya kwao, bila stima. Ndoto njema kabisa, ila bomba lilikuwa kimya jii.

Akapepea makaa mpaka chuma kikawa chekundu. Wapi!

"Moto uko," Kalondu akasema, mikono kiunoni. "Sasa shida ni nini?"

"Ni baridi haitoshi, mwaitu," Kavindu akamwambia mamaye. "Hapa kwa kopo panataka maji mengi, yabadilishwe kila mara."

Mama akachungulia. Ala! Maji nusu kikombe, nayo yanachemka. Mtu aliyesomea joto na baridi, anapoza chuma kwa maji ya kunawa kidole!

"Na kwa nini umeweka haka kadogo?"

Kavindu akainamisha kichwa. "Hiyo mitungi umebeba na mgongo wako kutoka mtoni. Nitamwagaje?" Katika nyumba ile hata maji ya kuoshea vyombo humwagiwa miche ya sukuma wiki.

Kalondu alikokota mtungi, akamimina mpaka kopo likafurika, akaongeza, akaongeza tena.

Bomba likakohoa. Kisha likaunguruma, sauti nene iliyotetemesha mabati na kuwatimua kuku.

"Aiya!" Kalondu akaruka nyuma, akacheka hadi machozi yakamtoka. Mtungi ulipokwisha, akafungua wa pili.

"Mwaitu, hayo ni ya kupika!"

"Tutakunywa uji uliobaki asubuhi. Wewe pepea moto," akasema, huku akimimina. "Na kesho urudi chuo. Maji nitateka mimi."