Konokono Katika Bahasha

Mama Mwanne, jirani yetu hapa Bwiza, anasema kaka yangu Twalibu alikamatwa akiwa na ramani ya vita. Anasema askari wa kizuizi cha njia ya Uvira walipasua bahasha, konokono wakavu wakamwagika chini, na kila mmoja alikuwa na maana yake.

"Konokono moja ni mutu mumoja wa bunduki," anawaeleza wateja wake huku akigeuza samaki kwenye mafuta. "Na ile karatasi ni vilima vyetu, na namba za pahali watateremukia. Kama ilikuwa barua ya salamu, juu ya nini waliigundisha?"

Mama Mwanne hakuwa pale. Alisimuliwa na dereva, na dereva naye alisimuliwa. Lakini hilo la gundi ni kweli, na ndilo lililonitoa nyumbani.

Tangu vita vianze, barua za ng'ambo ya mpaka zinapita mikononi mwa watu. Twalibu ni fundi wa magari. Akienda Uvira kutafuta vyuma alibeba na za wengine, na desturi tunaijua sote: barua ya kubebewa haifungwi. Unampa mtu ikiwa wazi, ili akiulizwa njiani aionyeshe bila kutetemeka. Mwalimu Sylvère, anayefundisha mambo ya mawe na udongo chuoni, aliifuata desturi hiyo siku zote. Barua zake zilikwenda kwa mwenzake Massoudi, anayechunguza ziwa kule Uvira. Twalibu alizoea kutusomea mezani, tukacheka mpaka chai ikapoa. Watu wazima wenye watoto, mji unaungua, wao wanaandikiana juu ya barafu!

Safari hii tu bahasha ilikuja imegundishwa. Twalibu aliipima mkononi, akatabasamu. "Leo Mwalimu ameandikia mwanamuke," akasema, akaitia mfukoni.

Leo asubuhi nilimpelekea chakula kambini kwa askari, walikomfungia. Mlinzi alipokea sahani, akainama kama anayefunga kamba za kiatu, akaniambia kwamba kesho asubuhi yeye na wenzake watapakiwa kwenye lori. Waliopakiwa kabla yao hatujawaona tena.

"Lete mwenye kuandika," akanong'ona. "Komanda atamusikia mutu. Karatasi, apana, amezichoka."

Basi leo baada ya sala ya adhuhuri nilijifunga mtandio, nikapanda mpaka Rohero. Mwalimu anakaa huko kwa dada yake tangu alipoukimbia mtaa wa Mutakura na nguo za mwilini tu. Alinifungulia mlango kidogo tu, akatazama njia nyuma yangu, kisha akanivuta ndani. Mapazia yalikuwa yamefungwa mchana kweupe. Nilipomweleza na kumwomba twende kambini, alikaa chini bila kutafuta kiti. Kwa bahati kiti kilikuwapo.

"Assia, ni konokono wa ziwani," akasema. "Niliwaokota juu kilimani, pahali maji hayafiki. Nilitia gundi ili wasimwagike. Ni hivyo tu. Zile namba ni urefu wa kilima toka majini."

Akaenda kuleta barua ya Massoudi, akanisomea kana kwamba mimi ndiye wa kushawishiwa. Massoudi aliandika kwamba zamani, kabla ya babu wa babu zetu, baridi ilikuwa kali na barafu ya milima ya Ruwenzori ikateremka mpaka mabondeni. Mvua ikawa haba, ziwa letu likashuka, na mtu angeweza kutembea kwa miguu pale leo mitumbwi inapopita. Kisha barafu ikayeyuka, mvua zikarudi, ziwa Kivu likafurika na kumwaga maji yake katika mto Ruzizi, ziwa likapanda tena. Lakini lilipanda mpaka wapi? Hapo ndipo hawakupatana. Mwishoni Massoudi alimwandikia: ndugu yangu, maneno yako ni matamu, nitumie kitu cha kushika.

"Na komanda anataka kitu cha kushika," nikasema.

"Nitaandika cheti. Nitaeleza yote, nitatia na muhuri."

"Apana, Mwalimu. Karatasi ndiyo imemufunga."

"Assia." Sauti yake ilishuka. "Jina langu unalijua. Kwetu unakujua. Nikiingia mule kambini…"

Mji huu wote unajua maneno hayo yanaishia wapi: mtu wa kabila lake akiingia kwa askari, hatoki. Nilijua pia ninamwomba nini, na ndiyo sababu niliomba mara moja, kisha nikatulia. Mama alinifunza kwamba ombi zito halirushwi mara mbili mbili kama jiwe kwenye mti wa matunda.

Konokono mmoja alikuwa amebaki juu ya meza, mweupe, mdogo kuliko ukucha. Mwalimu alimviringisha kwa kidole. Nje gari lilipita polepole, vidole vyake vikasimama mpaka mlio ukapotea kabisa. Nilifikiria sahani ya Twalibu. Mlinzi alikuwa ameirudisha tupu, imepanguswa kwa kidole kama kaka anavyofanya nyumbani.

Jua lilikuwa linashuka. Lango la kambi hufungwa kabla ya saa ya watu kujifungia ndani. Hapo nikakiuka mafunzo ya mama.

"Mwalimu, nitatembea mbele yako mi mwenyewe. Mutu akiuliza, nitasema we ni mjomba wangu. Utakuja?"

Aliinama, akatoa kiatu kimoja chini ya kiti. Akakaa nacho mkononi, akitazama mlango.