Koreia Imefika

Mie naitwa Amelia, mama Vania, na kama umekuja kuuliza habari za mashine ya kubangulia korosho hapa kijijini kwetu, nje kidogo ya Nanyamba, basi niulize mimi. Usimuulize mwenyekiti wa kijiji, Zuberi. Yeye atakwambia nilimtega, na mie sikumtega mtu.

Mashine ni ya kikundi chetu cha wanawake. Tuliiomba wenyewe, tukaipata, na hakuna mwanamume aliyewahi hata kuifuta vumbi. Ndani yake kuna mkanda wa mpira wenye meno, unaozungusha magurudumu mawili kwa pamoja: moja linaleta korosho, jingine linashusha kisu. Meno ya mkanda yanashikana na meno ya magurudumu, kwa hiyo korosho ikifika tu, kisu nacho kimefika. Ganda linapasuka, korosho inatoka nzima. Sasa msimu umepamba moto, mkanda ukakatika.

Zuberi akamleta fundi wa mashine ya kusaga, akafunga mkanda laini, usio na meno, wa kwao kule. Jamani! Mkanda laini ukiteleza kwenye mahindi, nani atajua? Kwenye korosho ukiteleza kidogo tu, kisu kinashuka mahali sipo. Tulipata vipande, vingine chenga kabisa. Zuberi akavijaza kwenye sinia, akaenda navyo mkutanoni, akasema mbele ya kijiji kizima kwamba mashine imekufa, wanawake wameiua, na Ijumaa shemeji yake Shafii analeta lori aipeleke kwenye ghala lake Mtwara mjini.

Damu ilinichemka. Bila mashine ile tungerudi kubangua kwa mkono, na yale mafuta ya maganda yanaunguza vidole mpaka kushika chumvi inakuwa mateso. Vidole vyangu vimeshaungua vya kutosha. Nikasimama, nikasema mashine haijafa, imekatika koreia tu, na koreia nimeshaiagiza.

Watu wakaangua kicheko. Mie sikuelewa wanacheka nini. Zuberi alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Mama Vania," akasema, "kwanza mtu wa ng'ambo hana neno hapa. Ila wallahi, hiyo Korea yako ikifika kabla ya lori la Shafii, mashine hii hainyanyuliwi na mtu, na ufunguo wa ghala inapokaa nitakupa kwa mkono wangu."

Mtu wa ng'ambo! Aliyevuka Ruvuma ni babu yangu. Mimi nimezaliwa hapahapa, na mikorosho yangu iko hapahapa.

Somoe, jirani yangu, akanivuta kanga nikae. Akaninong'oneza kwamba watu wanadhani nimeagiza mkanda kutoka nchi ya Korea, mpaka uje na meli. Hapo ndipo nikaelewa. Nyumbani kwetu, kwa wazee waliovuka na Kireno chao kidogo, mkanda wa mashine ni koreia, na mimi nikiwa na hasira neno hilo linanitoka lenyewe. Somoe akataka nisimame niwaeleze. Niwaeleze ili iweje? Mtu kaapa mwenyewe, hakuna aliyemshikia fimbo. Mdomo huponza kichwa. Nikakunja mikono yangu, nikanyamaza.

Koreia nilikuwa nimemwagiza baba mdogo Zeferino, anayetengeneza mashine za kupasulia mbao ng'ambo ya mto. Nilimsomea kwa simu namba zilizochapwa mgongoni mwa mkanda uliokatika, naye akaipata. Ijumaa asubuhi niliipokea Kilambo, tukaionyesha kwa watu wa forodha pale mpakani, ikapita. Baba mdogo alikuwa ameniusia nisiikunje, maana ndani ya mpira mna nyuzi ngumu, na ukizikunja zinavunjika kabla hata hujaanza kazi. Mkobani basi haiingii. Nikaivaa begani, ikapita kifuani mpaka kiunoni, meno nje nje, nikapanda bodaboda nikarudi nayo hivyo hivyo. Njia nzima watu wananitazama. Watazame!

Lori lilikuwa bado halijafika, lakini pale ghalani wabebaji walikuwa wameshaanza kufungua boliti za mashine. Zuberi kasimama mlangoni, ufunguo mkononi, watu wamejaa. Akaniuliza nimevaa nini.

"Koreia," nikamwambia. "Imefika."

Akaja juu. Akasema yeye aliapia mkanda wa Korea, na huu umetoka Kilambo, kila mtu kaona nilikotokea. Akasema huo ni ujanja wa watu wa mpakani.

"Niliposema koreia hukuniuliza ni kitu gani," nikamwambia. "Ulicheka. Umeapa mbele ya watu, mwenyekiti, na watu ndio hawa."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee Mohamedi, imamu wetu, akasema wallahi ni wallahi. Kisha Nuru, mke wa Zuberi mwenyewe, ambaye anabangua pamoja nasi, akaenda akamnyang'anya mbebaji spana, akainama, akaanza kuzikaza boliti upya. Hakumwangalia mumewe.

Tukavalisha koreia kwenye magurudumu, jino kwenye jino, tukawasha. Korosho ya kwanza ikatoka nzima, nyeupe, haina hata mkwaruzo. Nikaichukua nikamwekea Zuberi kiganjani. Alisimama nayo pale mpaka honi ya lori ikalia nje, ndipo akaniwekea ufunguo kwenye kiganja changu. Lori la Shafii liligeuza likarudi tupu.

Siku hizi kijijini kwetu mkanda wowote ni koreia. Wa mashine ya kusaga, koreia. Wa suruali, koreia. Juzi nilipita dukani nikamsikia Zuberi anaulizia koreia ya suruali, nyeusi, ya ngozi. Nikanunua chumvi yangu, nikaenda zangu. Alisema mtu wa ng'ambo hana neno hapa. Na hilo lililokuwa mdomoni mwake ni la nani?