Wa Mwisho Hufunga Njia

Sebastian alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zake, ana meza yake ofisini na funguo za kabati, na kila Jumamosi asubuhi alipotea kwenye kilima ambacho mtu yeyote pale Vwawa angekuonyesha kwa kidole. Siri hiyo aliijua yeye na Mungu wake, na hakuwa na mpango wa kumwongeza mtu wa tatu.

Alihamishiwa Vwawa kutoka Tunduma mwanzoni mwa mwaka. Kazini walimpokea vizuri: wakamwonyesha meza, wakamwonyesha choo, basi. Jioni kila mtu alishika njia ya kwake. Chumba alichopanga nyuma ya soko kilikuwa kimya kiasi kwamba alipokwenda kuoga aliiacha redio imewashwa, ili akirudi akute kuna anayeongea. Kwao Tunduma ukimya ni bidhaa adimu. Malori yananguruma usiku kucha, mashangazi wanavuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, na kuingia hadi jikoni bila hodi, na usipoonekana tangu asubuhi, lazima mtu aje agonge mlango. Hapa angeweza kuugua Ijumaa akagundulika Jumatatu. Wazo hilo lilimtisha sana.

Ndiyo maana alijiunga na kikundi cha mazoezi. Kitambi kilikuwepo, tena kilianza kujitegemea, lakini sababu haikuwa hiyo. Alichotaka ni kitu kidogo tu: apatikane mtu mmoja ambaye asipomwona atauliza, "Jamani, Sebastian yuko wapi leo?"

Kikundi kilikutana stendi, kwenye baridi ile ya mwezi wa sita inayouma masikio. Kiongozi wao, mwalimu mmoja mrefu aitwaye Mbonile, alianzisha wimbo wa mchakamchaka, wenzake wakaitikia, safari ikaanza. Kwenye lami Sebastian alijikaza. Walipoiacha lami na kuanza kupanda katikati ya mashamba ya kahawa, pumzi zikamwishia, na wimbo ukatangulia ukazama kwenye ukungu. Wa mwisho mbele yake alikuwa dada mmoja mwenye sweta la njano. Huyo naye mgongo wake ulionekana kwenye kona moja au mbili, halafu hakuonekana tena.

Sasa kilima kile kina njia panda nyingi kuliko mahitaji ya watu wake. Moja inakwenda kisimani, nyingine zizini, nyingine shambani kwa fulani, na moja tu inafika kileleni penye mnara wa simu. Katika kila njia panda Sebastian alikuta tawi bichi limelazwa kukatiza njia mojawapo, na moyo wake ukatulia. Kwa mtoto wa Tunduma, majani barabarani yana maana moja: kuna lori limeharibika mbele, na dereva na utingo wake wako palepale wanahangaika nalo. Ukiona majani, watu hawako mbali. Basi akawa analiruka tawi na kuifuata njia hiyohiyo, akijisemea kwamba wenzake wamemwekea alama.

Alama ikamfikisha kisimani. Jumamosi iliyofuata njia ya kisimani aliiepuka, alama ya mbele ikamfikisha zizini, mbele ya ng'ombe aliyemtazama kwa dharau. Safari nyingine alitokea uani kwa watu wakinywa chai, akawasalimia kama aliyekusudia kuja, mwenye nyumba akamwuliza kama ametumwa na serikali. Kila mara wimbo aliusikia juu kabisa, upande mwingine wa kilima. Alirudi peke yake kwa njia za uchochoroni, asionekane. Kuuliza aliona haya. Mtu na ndevu zake aulize njia ya kilima? Taratibu akaanza kuamini kwamba wanamfanyia kusudi, kwamba matawi yale ndiyo mzaha wao wa kila wiki. Aliumia, na hakuwa na wa kumweleza. Hata hivyo aliendelea kuyafuata, maana alama nyingine hakuwa nayo.

Jumamosi moja alikuwa ndiyo kwanza ameliruka tawi, sauti ikamdaka kutoka kwenye miti ya kahawa.

"We baba! Mbona unaruka? Hiyo njia imefungwa."

Alikuwa mama wa makamo, kikapu cha kahawa kiunoni. Watu wa kilimani walimwita mama Tukuswiga, na shamba lile lilikuwa lake.

"Shikamoo, mama. Imefungwa na nani?"

"Marahaba. Si tawi hilo? Huku kwetu tawi likilala njiani, ujue njia siyo. Aliyetangulia anamfungia wa nyuma asipotee." Akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Kumbe ndiyo wewe! Kila Jumamosi namwona yule binti Nesta, wa sweta la njano. Anaachwa na wenzake, anabaki anavunja matawi. Nikamwuliza, unamfungia nani, na wenzako wote wameshapita? Akasema kuna kaka mgeni anakuja nyuma, hajui njia."

Sebastian akageuka akalitazama tawi aliloliruka. Wiki zote zile alizohesabu kuwa hana mtu, alikuwa naye. Nesta alisimama kwenye baridi, akakubali kuachwa, akamvunjia tawi. Naye Sebastian akaliruka. Machozi yalimtoka, akasingizia jasho, na mama Tukuswiga akajifanya anachambua kahawa.

Wiki nzima alipanga maneno. Asante peke yake aliiona fupi. Aliosha viatu, akanunua machungwa ya kumpelekea, na Jumamosi alifika stendi akiwa wa kwanza. Ukungu ulikuwa mzito; wenzake walipoondoka sweta la njano hakuliona, akadhani limo humo mbele.

Kwenye njia panda ya kwanza hapakuwa na tawi. Ya pili, hakuna. Wamechoka naye, na wana haki. Alitaka kugeuka arudi kwenye redio yake, ndipo akakumbuka kitu: njia zote za uongo za kilima kile alikuwa amekwisha kuzipita kwa miguu yake. Hii ni ya kisimani. Hii ni ya yule ng'ombe. Basi kila alipofika penye njia mbili, akashika ile asiyoijua.

Ikamtoa kileleni. Wenzake walikuwa wameketi kwenye jiwe chini ya mnara, wanamenya viazi vya kuchemsha.

"Kaka wa Tunduma!" Mbonile alisimama. "Sisi tulidhani una njia zako mwenyewe."

Wakacheka, wakampisha akae. Alitafuta rangi ya njano, akaikosa.

"Nesta yuko wapi?"

"Nesta amehamishiwa zahanati ya Mbangala. Kaondoka juzi. Kasema tukifika juu tusiwahi kushuka, kuna mtu nyuma. Ndiyo maana unatukuta." Mbonile akajikuna shingo, hakumtazama. "Alitaka akuage, kaka. Akatuuliza jina lako. Hakuna aliyekuwa analijua."

Sebastian aliyashika machungwa yake kwenye mfuko. Mbele yake Vwawa yote ilikuwa bado chini ya ukungu.

"Naitwa Sebastian," alisema. Wakalirudia, mmoja mmoja, akagawa machungwa.

Walishuka kwa upande wa pili, na haikuchukua muda akawa wa mwisho.

"Sebastian!" Mbonile aliita kutoka kwenye kona. "Wa mwisho hufunga njia!"

Penye njia panda alisimama. Wenzake walikuwa wameshika kushoto, na wimbo ulikuwa unakwenda. Nyuma yake hapakuwa na mtu, alilijua hilo. Hata hivyo alivunja tawi, akalilaza kukatiza njia ya kulia, akalinyoosha vizuri lionekane kwa mbali. Akageuka akatazama juu alikotoka, kidogo tu, kisha akawafuata.