Kiti Alichokiomba

Marehemu mume wangu alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha chupa. Ninaandika habari ya kile kiti kwa sababu watoto wameanza kuisimulia vibaya.

Kazi yake ilikuwa kukaa na kutazama. Mbele yake palikuwa na taa nyeupe, na mbele ya taa chupa zilipita kwenye mkanda, moja baada ya nyingine. Akiona yenye ufa, doa au kipovu ndani ya kioo, aliichomoa na kuitupa kwenye pipa. Hapakuwa na chupa ya katikati. Nzima ilipita, mbovu ilivunjwa. Kila nusu saa walipokezana, kwani macho yakichoka huanza kuona ufa usiokuwepo. Wenzake walimwita Jicho.

Kisha ikaletwa mashine yenye kamera. Siku ya Jumanne, baada ya chakula cha mchana, waliambiwa hawahitajiki tena. Saa tisa alikuwa nyumbani, mto wake wa kukalia kwapani.

Tulikuwa watu wa sala. Kila alfajiri tulipiga magoti kando ya kitanda, yeye akiomba kwa sauti, mimi nikiitikia amina. Tangu Jumatano ile sala ikaongezeka maneno: "Bwana, nirudishie kiti changu." Kwingine hakwenda kuuliza kazi. Nilipomgusia, alinijibu taratibu.

"Siwezi kuomba mlango huu huku nabisha ule. Hiyo si imani, mke wangu, huo ni ujanja."

"Na hiyo imani inakula nini?"

"Inafunga."

Miezi mitano ikapita hivyo. Mimi nilishona sare za shule, yeye akanikatia nyuzi. Sikuogopa njaa sana. Nilimjua mume wangu, hakuwa mtu wa nusunusu. Kiti kisiporudi, angeitupa na imani yenyewe kwenye pipa.

Aliyemtoa nyumbani ni wifi yangu, mdogo wake, mwenye kitalu cha miche ya miti na matunda kando ya barabara. Wifi aliteleza akavunjika mguu.

"Kaka, nimwagilie miche wiki moja tu."

"Mimi nimemwomba Mungu kazi ya kiwandani."

"Kwani hii nimeiita kazi? Sikulipi hata senti. Ni undugu. Au Mungu amekukataza kushika ndoo?"

Akaenda. Siku ya tatu wifi alijikongoja kwa magongo kwenda kuona, nami nikamsindikiza. Tulimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso umetulia kama nilivyokuwa sijauona tangu Jumanne ile. Mbele yake miche zaidi ya sitini ilikuwa imeng'olewa na kulazwa chini kwa mstari: wenye doa kwenye jani, wenye shina lililopinda, ule uliotobolewa na mdudu.

"Hii ilikuwa mibovu," alisema. "Nimekuchambulia."

Wifi alicheka mpaka gongo likamponyoka. "Jicho wewe! Mche wenye doa unamwagiliwa, unapona. Hujawahi kuona chupa ikapona?"

"Hapana," alisema. Hakuwa anatania.

Tuliirudisha udongoni mpaka jioni. Nusu ilikufa. Iliyobaki aliihamishia kivulini, na wiki ilipokwisha akasema hawezi kuiacha ikiwa bado imelegea. Mguu wa wifi ukapona, yeye akawa bado anakwenda. Lakini alfajiri aliendelea kukiomba kiti, neno kwa neno. Ya kitaluni, alisema, ni kurekebisha kosa, si kazi.

Mwezi wa kumi na moja tangu Jumanne ile, msimamizi wa kiwanda alipiga simu. Kamera zilikuwa zinapitisha chupa zenye nyufa, wakataka macho ya watu tena. Aanze Jumatatu. Nilipiga vigelegele. Kabla ya adhuhuri akina mama wote wa kikundi chetu cha sala walikuwa na habari, wakaja kuimba mlangoni.

Jumatatu aliomba kimya. Sikujua pa kuitikia amina. Akavaa shati la kiwandani, akatoka. Saa nne akarudi, nikadhani ameugua.

"Nimewashukuru," alisema. "Nimewaambia wamtafute mwingine."

"Hata hukukikalia?"

"Nimekaa nusu saa. Ikapita chupa ina doa, nikabaki naitazama. Mkanda hauna subira."

"Miezi yote hiyo unaomba! Sasa umemrudishia Mungu jibu lake usoni?"

"Nilimwomba anirudishie, amenirudishia. Hakusema lazima nikikalie."

"Na wale akina mama nitawaambia nini?"

"Waambie sala imejibiwa. Si kweli?"

Alibadili shati, akaenda kumwagilia kabla jua halijazidi kuwa kali. Nilikasirika siku tatu, na siku hizo kikundini sikukanyaga. Ya nne nikaenda, nikasema hivyo hivyo alivyosema. Wakatazamana. Mmoja wao, mke wa fundi saa, asiyejua kuficha neno, akauliza, "Sasa huyo mumeo tumwombee nini? Kazi yake ni ipi?"

"Ni mtunza miche," nilisema. "Mwombeeni mvua."