Kutu Siku ya Maonyesho

Siku ya maonyesho ya magari ya zamani, mwuza miwani aliwahi uwanja wa shule ili apate nafasi yenye kivuli. Alifungua boneti, akapangusa taa za mviringo kwa kitambaa laini, kisha akasimama kando ya gari la kijani kama bwana harusi. Mkewe alikaa kwenye kiti cha kukunja, akimenya machungwa.

Wa kwanza kusimama alikuwa mwalimu mstaafu. "Nani kalifufua hili?"

"Mimi mwenyewe. Nililikuta chuma chakavu, kuku wanataga ndani. Kila bati nimelinyoosha kwa mikono hii."

Doa la kutu likamtokea shavuni, kubwa kama kifungo cha shati. Mwalimu alilitazama. "Unyevu wa asubuhi huo," alisema, akaenda zake.

Aliyelifufua gari lile alikuwa kaka yake, fundi redio, aliyelikwangua na kulipiga rangi jioni baada ya jioni mpaka mauti yalipomkuta. Matanga hayajapoa, mwuza miwani alimwendea mjane, akamwambia gari ni la ukoo, lisije likaangukia watu baki. Mjane macho yalikuwa bado yamevimba. Alimpa funguo.

Watu walizidi kuja, naye akazidi kusimulia. Kufikia adhuhuri kutu ilikuwa imeshika shingo na viganja, na kila alipoinua mkono kuonyesha injini, bega lililia kama bawaba ya geti. Mkewe alimpa kipande cha msasa.

"Jikwangue nyuma ya sikio, majaji wanakuja," alisema bila kumtazama.

Ndipo mjane wa kaka yake akatokea, viatu vyake vya kutokea vimejaa vumbi la njia.

"Habari za siku, shemeji. Loo, umeshika kutu."

"Kidogo tu."

Mjane akatoa mafuta ya kujipaka mkobani, akampaka shingoni taratibu, watu wakipita. Mwuza miwani alitazama chini. Heri angemtukana.

Jaji, mama mmoja mwenye kipaza sauti, aliuliza mbele ya umati kazi ile ni ya nani. Mjane alikuwa palepale, kifuniko cha mafuta mkononi. Mkewe aliacha kumenya.

"Yangu," mwuza miwani alisema, na sauti ilitoka na mikwaruzo.

Watu wakapiga makofi. Mjane naye akapiga, maana mtu wa nyumbani haaibishwi hadharani. Mwuza miwani akakabidhiwa kikombe, akashindwa kukunja vidole, mkewe akampokea.

Jioni, mwuza miwani akisukuma usukani kwa viganja vilivyokakamaa, walimpa mjane lifti. Alikaa nyuma, mikono magotini, kama mgeni kwenye sebule ya watu. Kwenye kona ya kwao aliteremka, akainama dirishani.

"Umelitunza, shemeji. Marehemu angefurahi."

Mwuza miwani alitaka kumjibu. Safari hii neno lenyewe lilikuwa limeshafika ulimini, lakini taya zilikuwa zimeshikana. Akapiga honi. Mjane alidhani anaagwa, akapunga mkono, akashika njia ya kwao kwa miguu.

Magari ya nyuma yakaanza kulalamika. Mkewe akanyoosha mkono, akamtilia gia.